Kochi la Odessa

Mkaguzi wa serikali alikwishaishika kalamu. Nyumba ikipita ukaguzi, mwenye nyumba ataendelea kulipwa na serikali kodi ya mpangaji wake, Odessa. Isipopita, hapati hata senti, na Odessa itabidi ahame.

"Mpangaji wangu hana neno," alicheka mwenye nyumba, rangi mbichi ikiwa imemgandia ukuchani.

Majira yote ya baridi ya Baltimore Odessa alimlilia mwenye nyumba kuhusu ukuta ulioota ukungu, mtoto akikohoa, naye akamjibu, "Unakaa kwa hela za serikali, mama, halafu unachagua?" Asubuhi hii ndipo akaupaka rangi, akauziba kwa kochi.

Odessa aliutazama ule ukucha, akatabasamu.

"Kaka mkaguzi, usiandike kwanza," akasema. "Na wewe, mwenye nyumba, shika upande huo tulivute hili kochi. Mikono yako imeshachafuka."