Hufi Leo

"Homa sina! Nipe dawa ya maumivu niende zangu," alifoka Shaweji, aliyeletwa hospitali baada ya kuanguka na pikipiki.

Muuguzi Kidawa alimtazama kwa chuki. Huyu ndiye aliyempiga dada yake mpaka akamvunja mbavu.

Homa kweli hakuwa nayo. Lakini moyo ulimwenda mbio, pumzi zilikuwa fupi, tumbo lilikuwa limevimba na kukaza, na presha ilizidi kushuka. Dalili hizo kwa pamoja zilisema jambo moja tu: alikuwa akivuja damu tumboni.

Mwache aende, kajitakia, nafsi ilimchochea Kidawa.

"Lala!" alimkemea. "Hufi leo. Utakufaje kabla hujasimama mbele ya hakimu?"

Akakikimbiza kitanda kuelekea chumba cha upasuaji. Njiani Shaweji, hofu imemwingia, akamshika mkono. Kidawa hakuutoa, wala hakumtazama. Alisaga meno, akazidi kusukuma.