Neno la Siri la Mwenzake

"Aliyefungua ule ujumbe wa barua pepe ndiye aliyewafungulia wezi mlango," alisema fundi wa mtandao, huku akichomoa waya nyuma ya kompyuta ya wodi. "Na ulifunguliwa kwa neno lako la siri, dada."

Nesi aliutazama waya ukianguka sakafuni. Tangu asubuhi wezi hao wa mtandao walikuwa wameyafunga majibu yote ya maabara wakidai pesa, na mganga mkuu alikwisha kusema kwamba aliyeleta balaa hilo hana kazi.

Katika wodi ile, anayetoka zamu humwachia mwenzake kompyuta ikiwa wazi kwa neno lake la siri, kama mtu anavyomwachia mwenzake chai kwenye chupa. Jana nesi alimwachia nesi mwenzake mjamzito, waliyemwita Mama Kijacho, ambaye sasa alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma ya fundi. Mguu wake ulikuwa umevimba hata mkanda wa kiatu ukaacha alama nyekundu. Alikuwa akiisugua alama hiyo polepole kwa kidole gumba, bila kuinua kichwa.

"Ni mimi," alisema nesi.

"Wewe? Wewe unayeniita hata kuwasha printa?"

"Ndiyo, mimi. Kwani sina vidole?"

Fundi alicheka kidogo, akachukua kalamu. Hakuwa mtu mbaya. Aliandika taratibu, kama anayempa nafasi ya kubadili kauli.

"Haya. Ujumbe wenyewe ulihusu nini?"

Nesi aliangalia dirishani. Kisha akauangalia ule waya sakafuni.

"Likizo ya uzazi," alisema Mama Kijacho.