Salamu Sokoni Burma

Kavata alimwona yule msichana kwenye bucha moja la Soko la Burma, akashusha pumzi. Kumbe yuko hai.

Wiki nzima simu yake ilikuwa imezimwa. Mara ya mwisho, katika kituo cha ushauri cha chuo, alimwambia Kavata, mshauri wake, kwamba amechoka na maisha, na akamsihi asimwambie mama yake.

Sasa mama huyo alikuwa kando yake, amevaa buibui, akimfokea muuza nyama: "Wewe, hii ni mifupa tu! Nani amekuambia nafuga mbwa?"

Kavata alitamani kumkumbatia msichana. Lakini washauri wa kituo hawamsalimii mwanafunzi nje mpaka aanze mwenyewe, watu wasije wakauliza wamejuania wapi. Akageuka, akakodolea macho ini lililoning'inia, likidondosha damu kwenye vigae.

Mkono ukamshika kiwiko.

"Madam, mbona unanipita kama hunijui?" Macho ya msichana yalikuwa yamevimba, lakini alitabasamu. "Mama, ndiye huyu niliyekuambia."

Mama akamwachia muuza nyama mifupa yake, akaja amenyoosha mikono yote miwili.