Mbingu Chini, Ardhi Juu

Kila mwezi unapoandama, kibao kilicho juu ya mlango wa kila nyumba hubadilisha mistari yake sita, mingine mizima na mingine iliyokatika katikati, kama katika kitabu cha kale cha Wachina. Watu huishi kwa ishara hiyo mpaka mwezi mwingine. Safari hii Mwanjaa na mumewe Kihedu walipata Mkwamo: mizima mitatu juu, iliyokatika mitatu chini. Mkwamo huwakataza mke na mume kusemezana.

Siku ya kumi na tisa alikuja fundi wa kukagua vibao. Kihedu alimshikia kiti apande.

"Mlipaka rangi hapa?"

"Nilipaka mimi," alisema Kihedu. "Nilikishusha mkesha wa mwezi kuandama, nikakirudisha mwenyewe."

Fundi alikwangua rangi kwa ukucha. Mshale mdogo ukatokea, umeelekea sakafuni.

"Umekipindua, kaka. Mizima ni mbingu, iliyokatika ni ardhi. Mbingu ikikaa chini hupanda, ardhi ikikaa juu hushuka, zikakutana. Ishara yenu ni Amani. Mlitakiwa mzungumze muda wote huu."

Alikigeuza. Kihedu akatabasamu, akamtazama mkewe.

Mwanjaa alikuwa jikoni, anachambua mchele. Kwa siku kumi na tisa hakuna aliyefoka humo ndani, naye alikuwa ameanza tena kuimba akipika.

"Fundi," alisema bila kuinua macho, "kirudishe kilivyokuwa."

Fundi alimwangalia Kihedu. Kihedu aliendelea kushika kiti.