Mikono Mgongoni

Mgongoni mwa mumewe kulikuwa na alama za mikono miwili.

Si za rangi. Ovaroli nzima ilikuwa bluu, kola hadi pindo. Ni sehemu mbili tu zilizobaki safi. Mkono mmoja juu, karibu na shingo, vidole vimetanuka. Wa pili chini kiunoni, umefumba ngumi.

"Mbona unanikodolea macho?" mume aliuliza, akimkabidhi bunduki ya rangi. Walikuwa wakipokezana kibanda kimoja cha kupulizia rangi katika kiwanda cha vitanda, mume asubuhi, mke mchana.

"Nakuangalia tu, baba watoto. Kosa?"

Mume akaondoka zake anapiga mluzi. Mluzi, jamani!

Hapo kiwandani rangi ni unga mkavu. Bunduki huutia chaji ya umeme, na kitanda cha chuma kinachoning'inia kimeunganishwa na ardhi kwa waya, basi unga hukikimbilia wenyewe. Huzunguka hata nyuma, ambako bunduki haikuelekezwa. Fundi naye viatu vyake maalumu vimemuunganisha na ardhi, kwa hiyo unga humvaa vilevile, mpaka kisogoni. Haubakizi mahali, ila pale palipozibwa na kufutwa na kitu.

Kumbe mtu alimkumbatia mumewe humu ndani, unga ukiwa hewani. Tena kumkumbatia kwelikweli, si kule kwa salamu.

Roho ilimchoma. Miaka yote ya ndoa, watoto, nyumba waliyoijenga tofali kwa tofali, halafu eti mtu anakuja kujishikiza tu! Alitoka mbio hadi chumba cha kufungashia, kwa dada yake, aliyekuwa akifuta miguu ya vitanda kwa kile kitambaa kisichomtoka mkononi. Akamweleza yote.

Dada aliacha kufuta. "Ngumi?"

"Ngumi, dada. Alishika kitu."

"Sasa hapo unaniuliza nini? Nani humu anashinda na funguo mkononi?"

Mtunza stoo! Yule mwenye kucheka na kila mwanaume. Mke hakungoja aambiwe mara mbili.

"Mwachie mume wangu!" alifoka mlangoni mwa stoo, wapakiaji wote wakigeuka.

Mtunza stoo aliinuka, shada la funguo mkononi. "Mumeo? Yule? Hata nikipewa na nyongeza, simtaki!"

Hapo ndipo mke alipotibuka kabisa. Alimtukana yule mwanamke matusi yasiyorudishika, akamtajia hadi talaka yake. Mtunza stoo aliziweka funguo mezani, akachukua mkoba, akatoka getini huku analia, akisema kiwanda hiki hatakanyaga tena. Hakuna aliyemzuia.

Mke alirudi kibandani. Alidhani atasikia raha, wapi! Alibonyeza bunduki bila kulenga, bluu ikaenda kila upande.

Zamu ikielekea kwisha, dada yake akaingia.

"Njoo hapa, mdogo wangu."

Akamvuta kifuani, akambana. Mke alilia kama mtoto, kidole kimesahaulika kwenye bunduki, unga ukivuma na kuwazunguka.

"Basi, nyamaza. Adui yako keshaondoka," dada alimbembeleza. "Mimi nipo. Tangu lini nikakuacha?"

Walikaa hivyo mpaka kwikwi zikaisha. Mke alijifuta machozi, akamshukuru Mungu kwa kumpa ndugu wa tumbo moja, akazima bunduki; zamu ilikuwa imekwisha.

Alivua ovaroli, akaitundika msumarini ili aikung'ute. Ikageuka, mgongo ukamwelekea.

Bluu tupu, kola hadi pindo. Ila mkono mmoja karibu na shingo, vidole vimetanuka, na chini, kiunoni, ngumi.