Maua ya Njano

Binti alikuwa ameshachuja vyuo vitano vya ng'ambo vinavyofundisha kwa mtandao, akabakiza kimoja tu. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kujisajili.

"Bonyeza, mwanangu," alihimiza mjomba wake, ambaye ndiye aliyemletea habari za chuo hicho. "Nafasi zikijaa, usije ukanilaumu."

Mama yake, fundi wa nguo, aliacha kukanyaga cherehani akainamia simu. Aliona picha ya wahitimu wakirusha kofia juu, wamevaa majoho meusi ti.

Kisha akauona mkono wa yule wa mbele.

Mkono wa joho ulikuwa umemporomoka hadi kiwikoni, na bitana ya ndani ikatokeza. Ilikuwa na maua ya njano.

Mwaka jana bitana nyeusi ilimwishia fundi akiwa kwenye joho la mwisho, akaona isiwe taabu, akakata kipande cha pazia. Nani angechungulia ndani ya mkono wa mtu?

Akainua macho dirishani. Pazia lilikuwa palepale, fupi upande mmoja, na maua yake ya njano.

Majoho yale aliyaagiza kaka yake, huyuhuyu. Ya kwaya, alimwambia.

Akaufunika mkono wa bintiye kwa wake, kastabini ikiwa bado kidoleni.

"Kaka," alisema, "hivi ile kwaya yako iliimbia wapi?"

Kaka yake alikuwa ameganda, analitazama pazia.