Mkono Usiosimama

Kwenye skrini hapakuwa na mgonjwa, wala damu, wala daktari. Palikuwa na mistari miwili tu, mwekundu na wa bluu, ikijichora na kusimama, ikijichora na kusimama.

"Mwoneni Kobe," Profesa aliwaambia madaktari wanafunzi waliomzunguka. "Mara kumi na mbili mkono umesimama. Kumi na mbili! Anapasua mtu au anauliza njia?"

Wakacheka. Nani angethubutu kununa?

Kobe mwenyewe alikuwa mlangoni, glavu zenye nyaya bado mikononi. Hiyo ndiyo mashine aliyoileta Profesa: inafuata kila mwendo wa vidole vya daktari, inapima kutetemeka na kusita, kisha inatoa alama. Kobe alikuwa amepata sitini na moja, na hii ilikuwa mara ya pili. Akikosa tisini mara ya tatu, upasuaji basi tena. Angerudi chumba cha wagonjwa wa nje kuandika dawa za kikohozi mpaka astaafu.

"Nilikuwa natazama picha, Profesa," alisema. Picha za mgonjwa hutundikwa ukutani, nyuma ya muuguzi.

"Si uliitazama asubuhi? Imeota miguu?"

"Hapana, Profesa. Ni kuhakikisha tu."

"Polepole ndio mwendo, eh? Aliyesema hivyo hakuwahi kushika kisu."

Mwezi mzima Kobe hakulala vizuri. Alishona sifongo, akashona vitambaa, akashona ngozi za kuku hadi mama yake akaapa kwamba kuku haliwi tena katika nyumba hiyo.

"Mimi nilikuzaa kwa siku mbili nzima," mama alimwambia, "leo wewe ushindwe na mashine? Thubutu! Ukimaliza tu nipigie simu."

Mgonjwa wa siku ya mtihani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, baba wa watoto wanne. Figo moja ilikuwa imeoza, ya pili nzima. Itolewe ile mbovu, basi, mtu arudi kwa wanawe. Walimfunika mwili mzima kwa vitambaa vya kijani, pakabaki kidirisha kidogo cha ngozi ubavuni.

"Daktari, kabla hatujaanza..." muuguzi alisema.

"Saa inahesabu!" Sauti ya Profesa ilinguruma kwenye spika kutoka chumba cha pili.

Kobe akashika kisu. Shingo ilimwasha kutaka kugeukia ukutani. Akaikaza. Mkono ukaanza, na ulipoanza umeanza: ukakata, ukafunga mishipa, ukatoa, ukashona.

Chumba cha pili hakuna aliyecheka. Mistari ilitiririka kama maji ya bomba, na mwishoni namba ikatokea: tisini na saba. Profesa mwenyewe hakuwahi kuvuka tisini na nne.

Alipoingia, walimpigia makofi wakiwa wamesimama. Profesa, ambaye hajawahi kumsifu hata mkewe, alimshika mabega yote mawili.

"Kuanzia leo, marufuku kumwita Kobe! Mistari hii ndiyo nitakayowafundishia ninyi, na wajao, na wajao baada yao. Mmeona mkono unaojiamini?"

Alilia bila kuona haya, akampigia mama yake simu hapo hapo. Vigelegele vilivyotoka kwenye simu vilijaza chumba, na hata Profesa akacheka.

Muuguzi akaingia bila kubisha hodi.

"Profesa, mgonjwa amezinduka," alisema. "Anauliza mbona amepasuliwa ubavu usiomuuma."